Mkono wa Watumishi: Hotuba Iliyosomwa Endasak katika Sherehe ya Miaka Kumi



Sisi watumishi wa Chama Kikuu tumepewa dakika chache tuseme juu ya misaada, nasi twashukuru kwa heshima hiyo. Hatukuja kusimulia wema wetu. Tumekuja na jambo linalotutatiza.

Siku hizi makampuni makubwa yana desturi ya kuipa jamii sehemu ya pato lao. Benki ya NMB, kwa mfano, hutenga asilimia 1 ya faida yake baada ya kodi, na katika wilaya nyingi watu wamepata madawati, mabati na vitanda vya hospitali kutokana na fungu hilo. Ni jambo jema, wala hatulibezi. Lakini hapa kwetu mwenye chama ni mkulima, na mtoto anayeketi chini darasani ni wa mkulima huyo huyo. Tukitwaa shilingi ya mahindi yake tukamnunulia dawati, kisha tukapigwa picha tukimkabidhi, tumempa nini?

Wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanza duka lao mwaka 1844, walitenga 2.5 kwa mia ya ziada yao kwa elimu, nao wenyewe ndio waliokata shauri. Wanaushirika wa dunia walipokutana Manchester mwaka 1995 waliandika kanuni ya saba, ya kuijali jamii, wakaifunga kwa sharti moja: ifuate sera zilizokubaliwa na wanachama.

Sharti hilo tulilielewa kwa uchungu. Tarehe 3 Desemba 2023 maji, tope, mawe na magogo yaliporomoka kutoka Mlima Hanang yakafunika sehemu ya mji wa Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Sisi tulichangishana, tukaenda na marobota ya nguo. Mama mmoja alizipokea kwa adabu, akauliza kama tumeleta jembe, kwa kuwa mvua zilikuwa zikinyesha na lake limezama topeni. Jembe hatukuwa nalo. Majembe yalikuwamo ghalani mwetu, wanachama wenzetu, lakini hapakuwa na mtu mwenye idhini ya kuyatoa. Vijana wetu watatu walibaki siku nne wakizoa tope. Siku hizo zilikatwa katika likizo zao. Hawakulalamika. Twalalamika sisi kwa niaba yao.

Basi twaomba mawili. Kwanza, kila mtumishi apewe siku mbili kwa mwaka za kujitolea, zihesabiwe kuwa ni kazi, naye atumie ujuzi wake: karani aifundishe kamati ya maji kuandika daftari la mapato, fundi wa mizani azipitie mizani za vyama vya msingi. (Kumtuma mhasibu kupaka ukuta chokaa ni kupoteza mhasibu na chokaa pia.) Pili, Mkutano Mkuu upige kura juu ya akiba ndogo ya maafa, uweke kiwango chake, na utaje ni nani atakayefungua ghala siku ambayo Bodi haiwezi kukutana.

Maombi hayo tumekwisha kuyakabidhi kwa Katibu ili yasomwe mkutanoni. Twawasihi myajadili waziwazi, hata kama jibu litakuwa la kukataa.