Mfuko unashonwa, uaminifu unahesabiwa
(Maneno yaliyosemwa na kikundi cha akina mama washonaji wa Kadutu, Bukavu, mbele ya majirani na wageni)



Tumeombwa tueleze kazi yetu ya kushona mifuko kwa pakiti na sashe za vinywaji. Tutaeleza kazi yenyewe kwanza, halafu tutasema jambo lililotupata. Hatutaki mrudi nyumbani mkifikiri kwamba mfuko peke yake unaleta amani.

Mji wetu mnaujua. Umejengwa juu ya vilima, na mvua ikinyesha, kila kilichotupwa mferejini kinateremka hadi Ziwa Kivu. Kutoka ziwani kinaingia mto Ruzizi, na hapo kuna bwawa la umeme la Ruzizi I, linalofanya kazi tangu mwisho wa miaka ya 1950. Chupa na sashe zinaziba mitambo, wafanyakazi wanazitoa, na kesho yake nyingine zimefika. Mbele kidogo liko Ruzizi II, lililofunguliwa mwaka 1989, ambalo umeme wake unagawanywa kati ya Kongo, Rwanda na Burundi. Kwa hiyo sashe inayotupwa Kadutu inaweza kuzima taa ya jirani ambaye hatujawahi kumwona.

Si sisi wa kwanza kuliona tatizo hili. Hapa hapa Bukavu, Nicole Menemene na wenzake wa Plastycor wamejulikana kwa kusuka vikapu kwa plastiki iliyookotwa. Sisi tulijua kushona, basi tukaanza na kushona.

Kazi inakwenda hivi. Tunakusanya pakiti za juisi na maziwa, na sashe za pombe kali. Tunazipasua upande mmoja, tunaziosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, tunazianika kivulini. Zikikauka tunazipanga kwa rangi na kuzikata kwa kipimo kimoja. Hatutumii pini, kwa maana tundu likitobolewa kwenye plastiki halizibiki. Tunashika kwa vibanio vya nguo. Sindano ni nene, namba 16 au 18, na uzi ni wa poliesta, kwa sababu uzi wa pamba unaoza. Mishono iwe mirefu. Ikiwa mifupi mno, matundu yanakaribiana na plastiki inachanika kama stempu. Ukingo tunauzungushia kitenge, na mikono ya mfuko tunaishona mara mbili, kwa sababu mama wa soko habebi mzigo mwepesi. Mashini zetu ni za kukanyaga kwa mguu, hivyo umeme ukikatika kazi haisimami.

Wanaonunua wapo. Rwanda ilikataza mifuko ya plastiki tangu mwaka 2008, na mama anayevuka mpaka anahitaji mfuko usiomletea matata. Nchi yetu pia ilitoa amri ya kuikataza tarehe 30 Desemba 2017, ingawa sashe nyeusi bado tunaziona sokoni. Lakini tuseme ukweli: mfuko mmoja haulishi nyumba. Unasaidia kununua chumvi, sabuni na daftari la mtoto.

Sasa tuje kwenye jambo lililotupata.

Katika kikundi chetu wengine ni wenyeji wa Kadutu, wengine ni wakimbizi wa ndani waliotoka Kalehe, Shabunda na Mwenga. Nyumbani tunasema Mashi, Kihavu au Kirega. Mezani tunasema Kiswahili. Mwanzoni mashini zilikuwa za wenyeji. Basi wenyeji walishona na wakimbizi waliosha. Mshonaji alilipwa zaidi. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, lakini hakuna aliyeuliza pia.

Siku moja fedha za sandukuni zilipungua. Mara moja vidole vikaelekea kwa waliokuwa wakiosha. Maneno mabaya yalisemwa, yale tunayoyajua sote: "Hawa wamekuja na nini? Wana nini cha kupoteza?" Kwa majuma mawili kazi ilisimama. Wawili miongoni mwetu walichukua vitu vyao wakaondoka.

Ndipo mama mmoja mzee akasema tusome daftari kwa sauti, mstari kwa mstari, hata kwa ajili ya wasiojua kusoma. Tulisoma mchana wote. Tukakuta hakuna mwizi. Mmoja wa washonaji, mwenyeji, alikuwa ameuza mifuko kwa deni na hakuandika. Alisimama mwenyewe akasema mbele ya wote. Tuliwafuata wale wawili nyumbani kwao tukawaomba msamaha. Mmoja alirudi. Mwingine hakurudi, na hatuna haki ya kumlaumu.

Tangu siku hiyo tuliweka kanuni tatu. Kwanza, kila mmoja anajifunza mashini, na kila mmoja anaosha kwa zamu. Pili, hesabu inasomwa kwa sauti kila Jumamosi. Tatu, sanduku lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa akina mama watatu waliotoka sehemu tatu. Tulifuata pia desturi ya Muso inayojulikana Kivu ya Kusini: fedha za kijani ni za mikopo, fedha nyekundu ni za shida kama ugonjwa na kifo.

Februari 2025 kanuni hizo zilijaribiwa. Waasi wa M23 waliingia Bukavu. Siku hizo maghala na maduka yaliporwa, na benki zikafunga milango. Sisi tulipoteza mashini mbili. Sanduku lilibaki limefichwa, lakini mmoja wa wenye funguo alikuwa amekimbia na ufunguo wake, na watoto walikuwa na njaa.

Wengine walisema tuvunje usiku tugawane. Tulikataa. Tulingoja mchana, tukawaita wote walioweza kufika, tukakata kufuli moja mbele yao. Tulihesabu kwa sauti, tukagawa fedha nyekundu sawasawa, na sehemu ya yule aliyekimbia tukaiandika na kuiacha ndani. Aliporudi baada ya majuma kadhaa, alikuta jina lake na fedha zake. Alitutolea ule ufunguo. Kufuli yake haipo tena, lakini ufunguo tumeutundika ukutani juu ya meza.

Ndugu zetu, amani ya nchi haiko mikononi mwetu. Hatukuzuia vita kwa mifuko. Lakini katika siku zile za hofu, watu waliowahi kuitana wezi hawakuibiana.

Tunawaomba mambo mawili. Pakiti zenu msizitupe mferejini; tuleteeni. Na ninyi wageni mnaopenda kusaidia vikundi, kabla ya kuwapa watu mashini, waulizeni kwanza: nani anashika ufunguo, na daftari linasomwa mbele ya nani?

Mifuko iko pale mlangoni, na bei ni moja kwa wote.