Kulisha Vinavyotulinda: Vijidudu na Afya ya Watu, Mifugo na Mimea Magarini

Mhadhara wa umma, Adu



Niliomba mhadhara huu usomwe Adu kwa sababu vyuoni tumegawana kazi. Daktari amepewa mtoto, daktari wa mifugo amepewa mbuzi, bwana shamba amepewa muhogo. Huku nyika ya Magarini mtoto, mbuzi na muhogo wako ua mmoja, na vijidudu havijui mipaka yetu ya idara. Kwa zaidi ya karne moja sayansi ya tiba imejifunza kuua vijidudu, na imetuokoa sana. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maradhi yaliyobaki mikononi mwetu haitamalizwa kwa kuua peke yake. Itatubidi tujue ni vijidudu gani vinavyotulinda, tuvilishe, tuvipe nafasi.

Sidharau kuua. Pale Kilifi, ambako taasisi ya utafiti wa tiba, KEMRI, na shirika la Wellcome Trust wamefanya utafiti tangu 1989, watafiti walichunguza damu ya watoto waliolazwa kati ya Agosti 1998 na Julai 2002. Kati ya watoto 19,339, walipata 1,094 wenye bakteria katika damu, na zaidi ya robo ya vifo vyote vya watoto wodini vilitokea kwa hao. Mzazi aliyedhani homa ni malaria tu hakuwa na kosa. Hata sisi wataalamu tulidhani hivyo. Baadaye chanjo zilifanya kazi kubwa. Chanjo ya bakteria wa nimokoka ilianza kutolewa nchini Januari 2011, na Kilifi maradhi makali yanayoletwa na aina zilizomo katika chanjo hiyo yakapungua kwa asilimia 92 miongoni mwa watoto wa chini ya miaka 5. Mama aliye hapa na kadi ya kliniki ya mwanawe, kadi hiyo ni mali.

Lakini kuua kuna kikomo, na kikomo hicho kilionekana karibu nasi. Mtoto anayetibiwa utapiamlo mkali hutoka hospitali akiwa hai, kisha wengi hufia nyumbani katika miezi inayofuata. Watafiti wakajiuliza: je, tukimpa kotrimoksazoli, dawa ya kuua bakteria, kila siku kwa miezi 6, atanusurika? Walijaribu kwa watoto 1,778 wasio na virusi vya UKIMWI katika hospitali nne, Kilifi, Malindi na Mombasa zikiwemo, pamoja na Mbagathi kule Nairobi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Waliopewa dawa walikufa asilimia 14. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, asilimia 15. Dawa haikupunguza vifo. Kwangu mimi, utafiti huo wa kusikitisha ni miongoni mwa tafiti muhimu zaidi zilizowahi kufanyika Pwani, kwa maana ulitulazimisha kutazama tumbo la mtoto upya.

Ndani ya utumbo wa mtoto mchanga mna kundi la bakteria waitwao bifidobakteria. Maziwa ya mama yana aina za sukari ambazo mtoto mwenyewe hawezi kuzimeng'enya. Sukari hizo ni chakula cha bakteria hao. Wakishiba hutoa asidi, na asidi hiyo huwazuia bakteria wa kuharisha wasistawi. Mama anaponyonyesha anawalisha wawili: mwanawe, na walinzi wa mwanawe.

Sasa mtoto afike miezi 6, aanze uji wa mahindi. Uji huo hauna madini ya chuma ya kutosha, damu inapungua, nasi tunamwongezea chuma kwa unga wa lishe. Ni haki kabisa. Ila chuma kingi hakifyonzwi. Kinateremka hadi utumbo mpana, na huko kuna wanaokingojea. Bifidobakteria wanahitaji chuma kidogo mno. Jamaa za E. koli wanakipenda. Katika utafiti uliofanywa pwani ya kusini, Kwale, ukachapishwa mwaka 2015, watoto 115 walipewa uji wenye unga wa lishe kwa miezi 4, wengine ukiwa na chuma, wengine bila. Waliopata chuma walizidiwa na bakteria wabaya, na dalili za uvimbe wa utumbo zikaonekana chooni mwao. Watafiti hawakuishia kulaumu chuma. Walirudi Kwale, wakapunguza kipimo, wakachanganya chuma na sukari maalumu iliyotengenezwa kutokana na sukari ya maziwa, inayofanana kwa kazi na ile ya maziwa ya mama. Matokeo ya mwaka 2017: madhara mengi yakapungua. Mama zangu, msiende kumwaga dawa ya damu mliyopewa kliniki; upungufu wa damu nao unaua. Ninalotaka mlione ni kwamba tiba ilipatikana kwa kuongeza chakula cha walinzi.

Mantiki hiyohiyo iko shambani. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake, mahindi yenye sumukuvu, ile aflatoksini, yaliwadhuru watu 317, na 125 wakafa. Sumu hiyo hutolewa na ukungu unaoishi udongoni na kuingia katika hindi lililoteswa na kiangazi, na kiangazi Adu tunakijua. Haiondoki kwa kupika; sima haiwezi kuitakasa. Basi wataalamu wa shirika la utafiti wa kilimo, KALRO, na wenzao walitafuta humu humu Kenya jamaa za ukungu huo zisizotoa sumu, wakazipaka kwenye mtama uliokwisha kuuliwa usiote, wakaupa jina Aflasafe KE01. Mkulima humwaga kilo 10 kwa hekta wiki 2 hadi 3 kabla ya mahindi kutoa maua, udongo ukiwa na unyevu. Ni kama viti vya matatu ya Malindi: aliyewahi ndiye akaaye, na mwenye sumu hukosa pa kukaa. Jirani zetu wa Hola na Bura wameitumia katika mashamba ya umwagiliaji. Sisi tunaotegemea mvua tunaihitaji zaidi yao.

Kwa muhogo, ninyi mmetangulia kutafuta kinga isiyo ya kuua. Wazee wanaopanda aina ya muhogo iitwayo kaleso wanapanda uzao wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanganyika, ambako mtafiti H. H. Storey aliueleza ugonjwa wa michirizi ya kahawia mwaka 1936, na ambako muhogo ulichanganywa na mpira wa porini ili ustahimili virusi. Muhogo wa kibandameno ni mtamu, lakini virusi vinaupenda pia.

Mifugo nayo ina onyo lake. Mafuriko ya mwishoni mwa 2006 yaliangua mayai ya mbu yaliyokuwa na virusi vya Homa ya Bonde la Ufa. Wanyama waliharibu mimba, kisha watu 684 wakaugua nchini na 155 wakafa, na Pwani haikusalimika. Mchungaji aliyeona mbuzi wengi wakitupa mimba alikuwa na habari ambayo hospitali iliihitaji.

Kwa hiyo ninapendekeza utafiti utakaoanza na boma, si na ugonjwa. Boma lilelile lipimwe kwa misimu yote: choo cha mtoto, maziwa ya mbuzi, maji ya silanga, mahindi yaliyo uchagani juu ya meko. Mchungaji apewe namba ya simu ya kutoa taarifa ya mimba zilizotupwa, na simu hiyo ipokewe na daktari wa mifugo na wa watu kwa pamoja. Aflasafe ijaribiwe katika mashamba ya mvua ya Magarini, kwa gharama ya mradi, mpaka mkulima aone mwenyewe. Vijana wa Adu wafunzwe kazi ya maabara na walipwe mshahara. Na matokeo yasomwe hapa, kwa Kigiriama na Kiswahili, wenye boma wayahoji, kabla hayajapelekwa kwa jarida lolote.