Ulaya Ndani ya Kiazi: Majina ya Nchi Katika Soko la Igoma



Hoja yangu jioni hii ni moja. Jina la nchi likiingia katika jina la zao, halituambii mmea ule ulizaliwa wapi. Linatuambia ulipita mlango gani kufika kwetu, au wenyeji waliamini ulipita mlango gani.

Nianze na mahindi. Najua bwana shamba atasema hiyo ni nafaka ya kusagwa, si zao la meza za sokoni, lakini hindi bichi linalochomwa kando ya barabara ya Musoma halisubiri kinu. Hindi ni jina la kale la nchi. Waajemi walilitoa kwenye mto Sindhu, Waarabu wakalipokea kuwa Hind, na watu wa pwani yetu wakalitumia kwa nchi tunayoiita leo India. Limebaki katika Bara Hindi na Bahari ya Hindi. Lakini mmea wenyewe ni mwenyeji wa Mexico, ulikoanza kulimwa miaka ipatayo 9,000 iliyopita, na kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 ulikuwa haujavuka kuja upande wetu wa dunia. Ulifika pwani katika zama za Wareno. Watu wa pwani walikuwa wamezoea kuona bidhaa ngeni zikishuka kutoka majahazi ya kaskazi, na kwa maoni yangu ndipo jina la Hindi lilipoushika mmea. Hatuko peke yetu. Kwa Waturuki mahindi huitwa kwa jina la Misri, na Waitaliano huyaita nafaka ya Kituruki.

Angalieni pia sarufi ilivyofanya kazi yake. Mhindi huyu ni mtu, mhindi huu ni mmea. Wahindi wanapita, mihindi inapitwa na trekta. Katika umoja herufi ni zilezile, upatanisho ndio unaotenganisha, wala hakuna mtoto wa Igoma anayechanganya.

Kiazi ulaya kina habari ndefu zaidi. Neno Ulaya lina asili moja na wilaya, ile tunayoitaja tukisema Wilaya ya Nyamagana: kwa Kiarabu ni mamlaka, kisha eneo linalotawaliwa. Kule Bara Hindi, neno hilohilo lilipitia Kiajemi likawa nchi ya ugenini, hatimaye Uingereza na Ulaya yote. Wabengali waliipa nyanya jina la biringanya ya Ulaya, ilhali nyanya, kama kiazi chenyewe, asili yake ni Amerika. Kiazi kilitoka milima ya Andes, Wahispania wakakipeleka Ulaya katika karne ya 16, nacho kikaenea Afrika Mashariki pamoja na wamisionari na walowezi. Aliyekiita kiazi ulaya hakukosea hata kidogo. Alitaja alichokiona: mgeni na mzigo wake.

Lakini jina hilo lilihitajika kwa sababu viazi tulikuwa navyo. Katika Usukuma, ukisema viazi bila kuongeza neno, watu wengi wataona viazi vitamu, pamoja na michembe na matobolwa yanayokaushwa kutokana navyo. Neno ulaya liliwekwa ili kulinda nafasi ya kiazi kilichotangulia. Hili linanigusa, kwa sababu ni kumbukumbu ya chakula cha wazee wetu iliyohifadhiwa ndani ya jina la chakula cha wageni.

Kisha chainizi, iliyopangwa kwa mafungu karibu na figiri na mchicha. Hapa China imetufikia kwa matamshi ya Kiingereza, ingawa Kiswahili kina Uchina na Kichina tangu zamani. Kwangu huo ni ushahidi kwamba jina lilikuja na mbegu na maelekezo ya Kiingereza, halikuja na Mchina. Wanabotania nao, kwa aina ile inayofunga kichwa, walichagua jina la Peking, tamko la zamani la mji wa Beijing.

Sasa tahadhari. Sukuma wiki inauzwa katika nchi ya Wasukuma, na kuna anayeamini mboga hii imepewa jina letu. Sivyo. Sukuma yetu ni upande wa kaskazini, kama Dakama ilivyo kusini. Wanyamwezi waliwaita hivyo majirani zao. Sukuma ya mboga ni kitenzi kilichotoka Kenya, mboga ya kuisogeza wiki mpaka pesa ipatikane. Wakenya wakikata jina likabaki sukuma tu, mfanano unakuwa kamili na asili inafichika.

Kwa hiyo wanafunzi wangu, mkienda sokoni kukusanya majina haya, andikeni jina zima kabla ya mkato wake, na muulize lilikuja na nani na kutoka wapi. Anzeni na chainizi: ni jina changa, na walioliona likiingia sokoni hawajaisha.