Filamu ya Kilwa ni kazi yetu

Bandugu, filamu za vita tunaziangalia wote. Mule, adui njo anaua raia, soda wetu anakuja kuokoa. Lakini Kilwa, hapa kwetu Katanga, kando ya ziwa Mweru, Oktoba 2004, basoda ba FARDC njo baliua watu zaidi ya 70, bengine wakiwa wameshakamatwa. Magari ya kampuni ya migodi ilibabeba. Televisheni ya Australia ilionyesha ile mambo mwaka 2005. Mwaka 2007 tribinali ya kijeshi, hapa hapa Lubumbashi, iliwaachilia huru juu ya mauaji ile. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ndiyo ilisema, 2017, kama Serikali ina kosa na ilipe.

Bengine banatuambia: M23 iko Goma na Bukavu, kusema makosa ya FARDC leo ni kuuza inchi. Hapana. Wajane ba Kilwa bako wanainchi pia.

Basi wenye telefone nzuri, twende Kilwa. Tuombe ruhusa kwanza. Mwenye hataki sura yake ionekane, turekodi sauti tu.