Gari Limefika, Damu Je?

Utafiti wa afya wa taifa wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000 nchini Tanzania. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Ni hatua kubwa, na mpango wa m-mama, wa usafiri wa dharura kwa akina mama, unastahili kuendelezwa. Mama akipatwa na dharura, ndugu anapiga 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likikosekana, anaitwa dereva wa karibu aliyesajiliwa, naye analipwa kwa simu. Mume hana haja ya kugonga milango usiku wa manane akitafuta wa kumkopesha nauli.

Lakini gari linampeleka wapi? Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa chache. Akikuta chumba kipya cha upasuaji, jokofu la damu likiwa tupu, na mtaalamu wa usingizi yuko likizo bila wa kumshikia zamu, haraka yote ya njiani imekwenda bure. Majengo tumejenga, tena mengi. Sasa fedha ziende kwa wakunga, wataalamu wa usingizi na damu salama, kabla ya kumwaga zege jingine.