Mwanafunzi Aliye Mgeni Darasani

Mada iliyotolewa kwa wanafunzi, wazazi na walimu wa Kasulu na Kibondo



Ndugu wapendwa, wanafunzi mnaojiandaa kwenda vyuoni, nanyi wazazi na walimu: tumeombwa kusema juu ya wanafunzi wenye asili ya Asia wanaosoma katika vyuo vikuu ambamo Wazungu ndio wengi, hasa huko Marekani. Huenda mtu akauliza hayo yanatuhusu nini sisi wa Buha, huku mwisho wa reli. Tunadhani yanatuhusu sana, ndiyo maana tutaanzia hapa nyumbani.

Kijana wa Kasulu au Kibondo afikapo chuoni Dar es Salaam, Dodoma au Mwanza, huulizwa jina, kisha alikotoka. Akijibu Kigoma, aghalabu hufuata swali la tatu, tena kwa kicheko: "Kigoma hii hii, au ng'ambo?" Mwulizaji husema anatania. Utani tunaujua, na watani wetu tunao. Lakini utani una pande mbili, na mtani hurudishiwa. Swali hili halina jibu linalolimaliza. Kijana akisema Kiswahili chenye lafudhi ya Kiha, lafudhi inakuwa ushahidi dhidi yake. Akikisema kwa ufasaha, huambiwa amejifunza haraka. Pacha aitwaye Bukuru au Butoyi amepewa jina hilo na wazee wake papa hapa, ila kwa kuwa hata Burundi mapacha huitwa hivyo, jina nalo linageuzwa kuwa shtaka.

Sababu si siri. Kiha na Kirundi ni lugha za ukoo mmoja, na wasemaji wake huelewana. Mpaka uliwekwa na wakubwa wa Ulaya: baada ya Vita Kuu ya Kwanza Ubelgiji ilipewa Ruanda-Urundi, Uingereza ikapewa Tanganyika, na Kigoma yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wabelgiji tangu mwaka 1916 hadi 1921. Baadaye walikuja wakimbizi: mwaka 1972, mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, mwaka 1996 kutoka Kongo, ndipo kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa, na tena mwaka 2015 kutoka Burundi. Kila wimbi lilipofika, hata aliyezaliwa hapa alizidi kuulizwa kama kweli ni wa hapa.

Sasa tutazame mbali. Wanafunzi wa Marekani wenye asili ya China, Japani, India au Vietnam wamesimulia mara nyingi sana kwamba huulizwa wanatoka wapi. Wakitaja mji wa Marekani walikozaliwa, huulizwa tena: unatoka wapi hasa? Wapo ambao wazee wao waliingia California katika karne ya 19. Mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, wengi wao walitukanwa barabarani na vyuoni kana kwamba wao ndio walioubeba. Kijana wa Kibondo akisikia hayo hahitaji mfasiri.

Kuna jambo jingine ambalo ni gumu zaidi kulitambua, kwa sababu huja limevaa nguo za sifa. Mwaka 1966 gazeti la New York Times lilichapisha makala iliyowasifu Wamarekani wenye asili ya Japani kuwa wamefanikiwa kwa bidii yao, licha ya ubaguzi. Sifa hiyo ikaenea kwa Waasia wote: ni wapole, hawalalamiki, wanajua hesabu. Ni vema kusifiwa. Lakini mwanafunzi aliyeshindwa hesabu akaona haya kuomba msaada. Aliyependa ushairi akaonekana amepotea njia. Na aliyelalamika akajibiwa kwamba watu wa aina yake hawana shida. Tena sifa hiyo ilitumiwa kama fimbo ya kuwachapia Wamarekani weusi, wakiulizwa kwa nini wao hawafanyi vivyo hivyo.

Sisi nasi tuna sifa ya namna hiyo. Husemwa kila mahali kwamba Waha ni wachapakazi. Tujiulize ilianza lini. Wakati wa ukoloni nchi yetu iligeuzwa kuwa ghala la vibarua. Vijana walipelekwa kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, kila mmoja akapewa namba, wakaitwa manamba. Nani asiyechapa kazi akiwa na njaa na deni, mbali na kwao? Basi kijana wa Kigoma anaposifiwa chuoni kwa nguvu za mikono yake, na katika kazi ya kikundi akaachiwa kubeba meza huku wengine wakiandika, asidhani ameheshimiwa.

Turudi kwenye historia ya Waasia hao, kwa maana kuna sehemu inayotugusa sisi tunaoishi jirani na kambi. Februari 1942, Marekani ikiwa vitani na Japani, Rais Roosevelt alitia sahihi amri iliyosababisha watu wapatao 120,000 wenye asili ya Japani kuondolewa katika pwani ya magharibi na kufungiwa makambini. Wengi wao walikuwa raia kwa kuzaliwa. Wanafunzi walitolewa vyuoni katikati ya masomo. Mwaka huohuo Wakristo wa madhehebu ya Quaker, pamoja na walimu wa vyuo na watu wa makanisa mengine, waliunda baraza la kuwatafutia nafasi katika vyuo vya sehemu nyingine za nchi. Kazi ilikuwa ya barua na vibali: chuo kikubali, serikali iridhie, fedha zipatikane. Wanafunzi wapatao 4,000 walitoka makambini kwa njia hiyo wakaendelea na masomo. Twaona jambo hili ni kubwa kuliko hotuba nyingi zilizotolewa wakati ule.

Wa tatu tunayemtaja ni wa Afrika Mashariki. Mahmood Mamdani, wa ukoo wa Kihindi, alikulia Kampala. Mwaka 1963 alikwenda Marekani miongoni mwa vijana wa Uganda waliopewa nafasi za masomo, akasoma Chuo Kikuu cha Pittsburgh. Mwaka 1965 alijiunga na wanafunzi walioandamana Alabama kudai haki za watu weusi, akatiwa ndani. Huko alikuwa kijana wa Uganda. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, naye akafukuzwa nchini kwake kwa kuwa Mhindi. Tangu mwaka 1973 alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwanawe Zohran, mzaliwa wa Kampala, alipoomba nafasi Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 2009, alitia alama kwenye visanduku viwili vya fomu, cha Waasia na cha watu weusi au Waafrika. Habari hiyo ilipotangazwa mwaka 2025, akiwa anagombea umeya wa New York, ilizua ubishi mkubwa. Fomu haikuwa na kisanduku chake.

Katika Maandiko tunamsoma Danieli na wenzake watatu, waliochukuliwa mateka wakasomeshwa katika jumba la mfalme wa Babeli. Jambo la kwanza walilofanyiwa lilikuwa kubadilishiwa majina. Walijifunza lugha na elimu ya wenyeji wao, wakafaulu, wala hawakusahau walikotoka. Vijana wetu wanaofupisha majina yao wapite salama mlangoni, tunawaelewa. Hatuwalaumu. Tunawalaumu wanaowafanya waone kuna haja hiyo.

Lakini walimu na wazazi mlio hapa, kuna darasa lingine la kutazama, nalo liko kwetu. Katika viwanja vya shule zetu neno mkimbizi limekuwa tusi. Mtoto aliyeanza kusoma kambini, kwa mtaala wa Burundi na kwa Kifaransa, akiingia shule ya kijiji kwa sababu mama yake ni wa hapa, huchekwa kwa Kiswahili chake na watoto ambao kaka zao huchekwa hivyo hivyo Dar es Salaam. Mwalimu akicheka pamoja nao, ameshatoa idhini. Hatuoni kwa nini jambo hili lisijadiliwe katika kila kikao cha wazazi.

Mwisho ni suala la karatasi. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hudaiwa cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Vijana wa mipakani, wanapoomba kitambulisho cha taifa, huulizwa juu ya wazazi hadi babu zao. Wengi walizaliwa nyumbani, wala kuzaliwa kwao hakukuandikishwa. Cheti cha ubatizo ni miongoni mwa vielelezo vinavyoweza kutumika kuomba cheti cha kuzaliwa kilichochelewa, pamoja na kadi ya kliniki na cheti cha shule ya msingi. Msingoje hadi matokeo ya kidato cha sita yatoke. Nendeni kwa katekista mkiwa na mwaka wa ubatizo, jina la kigango na jina la msimamizi. Tarehe mkiwa mmeisahau, kitabu kitapekuliwa ukurasa kwa ukurasa.