Sare za Vita na Gunia la Babu



Nimeombwa niseme juu ya sare za vita vya 1914. Afisa wa Kiingereza alishonewa yake kwa fundi, akalipa kwa posho ya serikali. Ikipungua, alitoa mfukoni mwake. Wajerumani wa huku kwetu walikuwa wamefungiwa bahari. Wakafumisha pamba ya hapa hapa, wakaitia rangi ya mizizi. Novemba 1917 waliwashinda Wareno huko Ngomano, wakavaa sare zao. Bure kabisa!

Novemba 1918 walifika Fife, ng'ambo ya mpaka karibu na Tunduma. Babu yangu alikuwa mpagazi wao. Sare hakupewa. Alirudi Msangano kwa miguu, amejifunga gunia kiunoni. Msicheke, vijana.